Kijiko cha Shaka

Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa sababu kulitaja bila kibali ni kosa, na kibali hutolewa na ofisi ambayo jina lake nalo halitajwi. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, na ina Mtukufu Mtangulizi.

Mtukufu Mtangulizi anaitwa hivyo kwa sababu hutangulia katika kila jambo. Katiba yetu ni fupi na inasema hivyo tu. Hakuna raia anayeamka kabla yake. Redio hutangaza kwamba Mtukufu ameamka, ndipo taifa nalo linaruhusiwa kufumbua macho. Sisi wakulima, ambao huenda shambani kabla hakujapambazuka, kisheria tunakuwa bado tumelala. Ukikutana na jirani njiani, jembe begani, mnapishana kimya kila mmoja akimchukulia mwenzake kuwa ni ndoto. Na chakula ni hivyo hivyo. Mchana redio hutangaza kwamba Mtukufu amemeza tonge la kwanza, na vifuniko vya sufuria hufunguliwa nchi nzima kwa mpigo. Tulizoea. Mtu mwenye akili hupanga mapishi yake kufuatana na redio, na wali hauungui.

Naeleza haya mapema ili msomaji asije akasema hakuonywa.

Ushirika wetu ulikuwa wa vijiji vitatu. Sisi wa Kisungusi tunalima karanga. Watu wa Mrangale wana mizinga ya nyuki. Watu wa Jiwe Refu hawana kitu ila hilo jiwe lao, ambalo ukipanda juu yake simu inashika mtandao. Tulibishana sana kama mtandao unahesabika kuwa ni mazao. Mwakilishi wao, Bwana Madenge, aliniuliza swali moja mbele ya kikao.

"Karanga zako, shemeji, nani anazijua ng'ambo ya mto?"

Nilifikiri, nikaona hakuna.

"Basi. Nyinyi mnalima karanga, mimi nalima kujulikana."

Tukamkubali. Tulikaanga karanga, tukasaga, tukachanganya na asali ya Mrangale, tukajaza kwenye makopo ya kioo, tukapanda juu ya jiwe na kupiga picha. Nitasema ukweli: siagi ya karanga ikipigwa picha inafanana na tope. Hakuna aliyenunua. Mtu aliye mbali huona tope ndani ya kopo, tope lililotengenezwa na watu asiowajua, na huendelea na safari zake za mtandaoni.

Tatizo la pili lilikuwa letu wenyewe. Kwetu, tangu enzi za mabibi, mgeni hali chakula chako mpaka wewe uliyepika uchote kijiko kimoja kutoka chombo hicho hicho, ukile mbele yake, umeze, ufungue kinywa aone kuwa hakuna kitu. Tunakiita kijiko cha shaka. Ukikiruka, umemtukana mgeni. Kwa hiyo siku tulipofunga kopo la kwanza kulituma, Bi Nyanzobe, tuliyekuwa tunasaga naye, alilishika akaligeuza na kukunja uso.

"Kopo limejaa mpaka juu. Hili unampelekea nani, adui yako?"

"Mteja, Bi Nyanzobe."

"Mteja amekukosea nini?"

Nami, pamoja na stashahada yangu ya usindikaji wa vyakula, ambamo tulifundishwa kwamba kopo likishafungwa halifunguliwi, niliona aibu. Siwezi kumpelekea mtu chakula ambacho sijakila mbele ya macho yake. Tukaamua hivi: kila kopo lionjwe mbele ya simu, video itumwe kwa mteja huyo huyo kwa jina lake, na kopo limfikie likiwa limepungua kijiko kimoja.

Mwonjaji kwa haki nilikuwa mimi, kwa sababu mpishi ndiye mimi. Lakini mbele ya kamera nafanana na mtu aliyekuja kukagua choo chako. Kijiko akakishika binti yangu, Nyamizi, ambaye alikuwa amemaliza shule na huongea na simu kama anaongea na shoga yake.

"Kaka Sebo wa Bondeni," alisema katika ile ya kwanza, akikaa juu ya jiwe na upepo ukimpeperusha kitenge. "Hiki ni kijiko chako cha shaka. Nakula mimi. Nikianguka, usinunue." Akala. Akamung'unya taratibu, akitazama pembeni kana kwamba anasubiri basi. Akafungua kinywa, akatoa ulimi. "Sijaanguka. Karibu."

Kaka Sebo wa Bondeni akaionyesha nchi nzima video ile.

Oda zilikuja mpaka tukakosa makopo. Watu walitaka kuitwa majina yao juu ya jiwe lile. Wengine hawakupenda hata karanga. Walitaka tu mtu mmoja duniani ale kitu kwa niaba yao na asianguke. Bwana mmoja aliandika kulalamika kwamba kopo lake limepungua. Nyamizi akamjibu: "Kilichopungua ni wasiwasi wako, baba." Na sheria hatukuivunja hata kidogo. Tulionja alasiri, tonge la Mtukufu likiwa limeshashuka.

Serikali, kama kawaida yake, haikukaa nyuma. Alikuja ofisa kutoka Wizara ya Ustawi Unaoonekana, akiwa na bango refu kuliko gari lililolibeba. Tulikusanywa juani. Akasema:

"Ndugu wananchi, Serikali yenu sikivu, baada ya kutafakari kwa muda mrefu na kwa kina kisichopimika, imeamua kubuni wazo ambalo nyinyi mnalitekeleza tangu msimu uliopita."

Tulipiga makofi. Bango likasimikwa. Lilisema kwamba siagi yetu ni matunda ya maono ya Mtukufu, na lilikuwa na picha ya Mtukufu akitazama karanga. Ofisa akachukua makopo yake, akaondoka. Tulidhani mambo yameishia hapo, na tulimwona ni mtu mwema kwa sababu hakuchukua na mashine ya kusagia.

Oda iliyotuponza ilikuwa ya kawaida. Kopo moja. Jina la mteja halikuandikwa. Anwani: Nyumba Kubwa, mlango wa jikoni. Tukadhani ni hoteli. Nyamizi alipanda jiwe akiwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja, akachota kijiko akasema, "Ndugu wa Nyumba Kubwa, kula bila wasiwasi, mimi nimeshakutangulia." Akatoa ulimi. Kopo likaenda na basi.

*

Siku siagi hiyo ilipofika mezani, redio haikutangaza tonge.

Tulikaa na sufuria zetu zimefunikwa. Tukasikiliza muziki wa tarumbeta. Alasiri ikafika, tarumbeta zikaendelea. Kila nyumba kulikuwa na harufu ya maharage na hakuna aliyegusa kifuniko. Jioni mama wa jirani aliingia chini ya blanketi na watoto wake na sufuria, na wote wakatoka baadaye wakiwa wamefunga midomo kwa nguvu. Nami nilifanya hivyo hivyo na Nyamizi. Kutafuna bila sauti ni kazi ngumu kuliko kulima. Tulimeza ugali kama watu wanaomeza siri.

Siku iliyofuata, tarumbeta. Iliyofuata, mtangazaji akasema kwa sauti ya mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma: "Mtukufu yu mzima. Anatafakari." Kisha akaongeza: "Mwananchi yeyote mwenye taarifa kuhusu kijiko kimoja cha siagi ya karanga kisichoonekana, atoe taarifa kabla hajafuatwa."

Nyamizi alikuwa anaosha makopo. Aliacha maji yamwagike.

"Mama. Ile Nyumba Kubwa."

"Nimesikia."

"Haikuwa hoteli."

"Haikuwa hoteli, mwanangu."

"Nilimwambia nimemtangulia."

Nilifunga mlango, halafu nikaufungua tena, kwa sababu mlango uliofungwa mchana unatia shaka.

Ushirika ulivunjika kabla jua halijazama. Watu wa Mrangale walituma ujumbe kwamba nyuki wao walifanya kazi ile bila kuwashauri. Bwana Madenge alikuja mwenyewe, amevaa koti joto lote lile.

"Shemeji, nimekuja kukwambia kwamba mimi sijawahi kuwa na jiwe."

"Jiwe linaonekana kutoka hapa, Madenge."

"Unaona nini?"

Nikatazama. Wanakijiji wa Jiwe Refu walikuwa wanalifunika kwa nyasi. Walikuwa wameliwekea hata mlango.

"Naona nyumba," nikasema.

"Mungu akubariki," akasema, akaondoka akitembea kama mtu asiyekimbia.

Wateja wetu nao, wale waliotupenda, walianza kurudisha makopo. Yalikuja na mabasi, kila moja likiwa limejazwa mpaka juu na kitu chochote kilichokuwapo nyumbani kwa mtu: samli, ugali, hata udongo, ili mradi pengo la kijiko lisionekane. Hayakuwa na majina ya walioyatuma. Nilibaki na rundo la makopo uani na Bi Nyanzobe peke yake, ambaye alisema amezeeka mno kuanza kukana karanga.

Nilimwambia Nyamizi aende kwa shangazi yake, ng'ambo.

"Siendi."

"Unakwenda na kanga zako na hizo sandali."

"Nikikimbia, watakuchukua wewe."

"Wakinichukua mimi hasara iko wapi? Mimi nimeshazaa. Wewe hata kuolewa bado."

Alicheka kidogo, halafu akalia, halafu akarudi kuosha makopo. Hakwenda. Nilimlea mwenyewe, sina wa kumlaumu.

*

Tume ya Taifa ya Kijiko ilikuja na msafara wa magari meusi. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Kisarika, mtu mrefu ambaye shingo yake ilikuwa imepungua ndani ya kola hata kola ikawa inazunguka peke yake akigeuka. Wajumbe wote walikuwa hivyo. Mmoja alikuwa ananyonya kalamu. Nilielewa baadaye: sisi tulikuwa na blanketi, lakini wao waliishi karibu na Mtukufu, na sheria ya tonge la kwanza waliifuata kwa sababu kila mmoja alimchunga mwenzake.

Askari wawili waliingiza sanduku la chuma. Ndani mlikuwa na kopo letu. Juu ya siagi kulikuwa na shimo dogo, lenye umbo la kijiko, limekaa vizuri kabisa. Wajumbe walilitazama shimo lile kama watu wanavyotazama kaburi.

"Nani amemtangulia Mtangulizi?" akauliza Jaji.

"Mimi," akasema Nyamizi.

"Mimi," nikasema.

"Video inaonyesha binti."

"Video inaonyesha mdomo wa binti. Chakula ni changu. Mnataka nini kwetu, mheshimiwa? Kama ni kijiko, kipo, nimejaza makopo uani. Chukueni kumi."

Mjumbe anayenyonya kalamu alitazama uani. Jaji akamtazama yeye, naye akarudisha macho kwenye kalamu. Kisha Jaji akawatoa askari nje, akavuta kigoda chake karibu yangu, na kwa mara ya kwanza akaongea kama mtu.

"Mama, jambo ni kubwa kuliko kijiko. Mtukufu hali."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Maisha yake yote amekula wa kwanza. Hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini mtu mwingine aonje. Sasa alifungua kopo, akaona shimo, akaitisha video. Akamsikia binti yako anasema, katika zile za zamani, 'nikianguka'. Akatuuliza: mtu anaweza kuanguka kwa sababu ya chakula?"

"Mkamjibuje?"

"Tulitazama chini." Kola ilizunguka. "Wote, mama. Mawaziri wote wakatazama chini kwa pamoja. Akatutazama, akaitazama sahani, akaisukuma. Tangu siku hiyo hajatia kitu kinywani. Na yeye asipokula, mimi sili. Jeshi halili. Juzi Waziri wa Kilimo aliokotwa bustanini akiwa na majani mdomoni, na alisema anayakagua."

"Basi mtu aonje mbele yake. Ni rahisi."

"Hakuna mtu anayeweza kumtangulia Mtangulizi. Ni kifungu cha kwanza."

"Cha pili kinasemaje?"

"Hakuna cha pili."

Nilikaa na jambo hilo. Wao walikuwa wamekaa nalo njia nzima na walikuwa wameshalipatia dawa. Mjumbe wa kalamu, aliyekuwa mwanasheria, akafunua karatasi akasoma kwa sauti ya mahakamani.

"Kwa kuwa mtu hawezi kumtangulia Mtukufu, na kwa kuwa Mtukufu anahitaji kutanguliwa, mdomo wa binti huyu unatwaliwa kwa manufaa ya umma. Kuanzia leo si mdomo wake. Ni mdomo wa Mtukufu uliokaa mahali pengine. Kila kiingiacho humo kimeingia kwa Mtukufu, na kila kitokacho humo kimetoka kwa Mtukufu. Na asiwepo wa kudai kwamba umewahi kuwa wa mtu mwingine."

"Na sehemu nyingine za mwanangu?"

"Zitaambatana na mdomo."

"Atarudi lini?"

Mwanasheria alionekana kuona huruma, au njaa. "Mdomo haurudi, mama. Utarudi kwa nani? Kisheria hautakuwa na kwao."

Nyamizi alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono imelowa. Nilimwona anatazama miguu yake kana kwamba anahesabu nini ni chake. Nikasimama.

"Mmekosea mdomo," nikasema.

"Samahani?"

"Mnataka Mtukufu ale bila shaka, au mnataka picha nzuri? Kijiko cha shaka kwetu huliwa na mpishi. Mtu ambaye hajapika akionja ameonja nini? Hajui kilichomo. Huyu binti tulimweka kwa ajili ya simu. Uliza kijiji kizima. Mkimpeleka yeye, kesho Mtukufu atauliza nani amepika, mtasema ni mama yake, na mama yake yuko wapi, mtasema tumemwacha Kisungusi. Hapo sahani itasukumwa tena, na safari hii sitaki kujua nani ataokotwa na nini mdomoni."

"Mama, acha," akasema Nyamizi.

"Nyamaza. Naongea na wakubwa."

Wajumbe wakainamisha vichwa pamoja. Mmoja akasema binti ana meno mazuri zaidi. Wakanitaka nifungue kinywa. Nikafungua, wakachungulia kwa zamu.

"Kina pengo," akasema wa kwanza.

"Pengo si hoja," akasema Jaji. "Hoja ni kumeza."

Wakabadilisha jina kwenye karatasi. Ilikuwa kazi ndogo tu; Serikali haikuwa na chuki na mtu, ilihitaji mdomo. Wakati wananiingiza garini Nyamizi alinishika mkono akawa hauachii, na askari alikuwa anatazama, na mimi nilijua nikilegea kidogo tutalia wote wawili na huenda wakabadili mawazo.

"Zile karanga za gunia la nyuma zina unyevu," nikamwambia. "Uzianike kabla hujazisaga."

"Mama."

"Zianike vizuri. Zikiota ukungu utaua watu."

Gari likaondoka.

*

Nchi ilikula siku hiyo hiyo. Nilikaa kwenye meza ndefu, kamera mbele yangu, Mtukufu mkono wa kulia. Ni mtu mdogo kwenye kiti kikubwa. Nilipochota na kumeza, alikuwa anatazama koo langu, siyo uso. Tulisubiri. Ukumbi ulikuwa kimya hata nikasikia tumbo la Jaji.

"Vipi?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo redioni haijawahi kusikika.

"Bado," nikasema. Tukasubiri tena. "Tayari."

Akala kama mtu anayezama. Redio ikatangaza kwamba Mtukufu amemeza kwa mdomo wake wa kwanza na sasa anameza kwa wa pili, na vifuniko vikafunguka nchi nzima. Tangu hapo mlo wa mchana umekuwa ukirushwa moja kwa moja mtandaoni kila siku. Nyasi ziliondolewa kwenye Jiwe Refu, na Bwana Madenge akakumbuka kwamba alikuwa na jiwe. Najua kwamba Nyamizi hupanda pale mchana kutazama. Akiniona nameza, anajua nipo.

Wizara ya Ustawi Unaoonekana iliona nuru. Iliagiza mazao yote ya ushirika wa vijijini yanayouzwa mtandaoni yaonjwe, na wilayani yaonjwe tena na ofisa wa wilaya, na mkoani na ofisa wa mkoa, na katika kila kizuizi cha barabarani na askari wa zamu, kila mmoja na video yake. Wateja sasa hupokea kopo tupu, safi, lililofungwa vizuri, pamoja na ushahidi kamili kwamba chakula kilikuwa salama mpaka mwisho. Malalamiko yamekwisha kabisa. Ofisa wa lile bango amepandishwa cheo.

Mimi nilikuwa naogopa kila sahani. Nisiseme uongo. Nilijifunza kutazama mikono ya anayeileta, kunusa kabla ya kuchota, kuacha chakula kikae kwanza chini ya ulimi. Lakini kilichonitisha zaidi kilitokea mapema, siku niliyosema tu, kama mpishi anavyomwambia mpishi, "Chumvi imezidi." Kesho yake mpishi hakuwepo. Niliuliza yuko wapi. Mhudumu akanijibu kwa heshima kubwa kwamba amri ya Mtukufu imetekelezwa.

Amri gani, nikauliza. Mtukufu hakusema kitu.

"Imetoka kwenye mdomo wake, mama," akasema, na akanionyesha mimi.

Tangu siku hiyo mezani nilikuwa nasema maneno mawili tu, bado na tayari. Mtu yule alikuwa na watoto. Hakuna aliyeniambia majina yao, na sikuthubutu kuuliza, nisije nikawa nimeamuru kitu.

*

Leo kabla ya mlo wa mchana Jaji Kisarika alikuja chumbani kwangu. Amenenepa, kola imetulia.

"Mdomo ulikohoa jana," akasema.

"Ilikuwa pilipili, mheshimiwa."

"Nchi iliona. Bei ya unga ilipanda mpaka ulipomaliza kukohoa. Tume imependekeza Mdomo wa Akiba. Damu moja, meno mazuri, na siku hizi anapika mwenyewe." Alitabasamu kama mtu anayeleta habari njema. "Gari litatoka mchana huu, watu wakiwa wanatazama mlo. Mtakaa pamoja. Hufurahi?"

Nilisema nafurahi. Nilioga, nikavaa, nikaenda mezani.

Ilikuwa samaki na ndizi. Nilichota, nikameza. Taa ya kamera ilikuwa nyekundu. Mtukufu akaninong'oneza, "Vipi?"

Sikusema bado, wala sikusema tayari. Niliitazama kamera, kwa sababu nilijua nani yuko juu ya jiwe.

"Binti wa karanga wa Kisungusi abaki kwao," nikasema. "Asichukuliwe yeye, wala mdomo wake, wala jirani yake yeyote. Gari lirudi. Na leo wananchi wale bila kusubiri redio."

Uma wa Waziri fulani ulianguka. Mwanasheria wa kalamu alikuwa anasogeza midomo yake, akijikumbusha maneno yake mwenyewe, kiingiacho na kitokacho, na niliona anafika mwisho wa sentensi na rangi inamtoka. Jaji alimgeukia Mtukufu. Wote walimgeukia Mtukufu. Angesema kwamba maneno yale si yake, basi na mdomo si wake, na kama mdomo si wake, amekuwa akila wa pili kila siku mbele ya nchi nzima.

Alilifikiria. Alikuwa na njaa, na samaki alikuwa anapoa.

"Ndivyo nilivyosema," akasema Mtukufu Mtangulizi, akavuta sahani.

Alikula mpaka mwisho. Lakini safari hii hakutazama koo langu. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kama alivyoitazama siagi siku ile.

Gari lilirudi, nililiona mwenyewe kupitia dirishani likiingia, tupu. Baadaye Jaji alipita mlangoni bila kuingia, akasema kwamba chakula changu cha jioni nitaletewa humu humu chumbani, na kwamba jioni hakutakuwa na kamera.

Sahani imeletwa sasa hivi. Aliyeileta ni mpishi mgeni, kijana, mikono yake safi sana. Hakunitazama usoni. Ameuliza kama nitakula akiwa hapa, kwa sababu ameambiwa asubiri.

Nimemwambia aiweke mezani. Ipoe kwanza.